Kaizari aliuawa wapi, na kwa nini Roma ilichelewa kujenga jumba la maonyesho?

Mwalimu wa sekondari ameniandikia: "Shikamoo, mwalimu. Wanafunzi wangu wanasoma Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mmoja wao amesoma mahali kwamba Kaizari hakuuawa Kapitoli kama tamthilia inavyosema, bali aliuawa kwenye jumba la maonyesho. Nilimwambia nitafuatilia. Je, ni kweli? Jumba hilo lilijengwa lini, na kuna chochote kilichobaki?"

Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako yuko sahihi. Kaizari alichomwa visu tarehe 15 Machi mwaka 44 KK ndani ya ukumbi wa mikutano uliokuwa sehemu ya majengo ya maonyesho ya jemadari Pompeius, katika eneo tambarare lililoitwa Uwanja wa Mars, nje ya mpaka mtakatifu wa mji wa Roma. Kapitoli ni kilima, si mbali sana kwa miguu, lakini si hapo. Shakespeare, mtunzi wa tamthilia hiyo, hakuzusha kosa hilo. Alilikuta Uingereza: mshairi Chaucer, aliyemtangulia kwa miaka 200 hivi, naye alimuulia Kaizari Kapitoli, na watazamaji wa London walikuwa wamezoea kusikia hivyo. Lakini wasomeshe wanafunzi wako kwa makini Tendo la Kwanza, Onyesho la Tatu. Cassius, mmoja wa wala njama, anamwagiza mwenzake Cinna akishamaliza kuzipeleka barua alizompa aende kwenye jumba la Pompeius, ambako wenzao wanangoja. Kwa hiyo jumba limo ndani ya tamthilia, ila si mahali pa mauaji. Na Kaizari anapoanguka, anaanguka chini ya sanamu ya Pompeius, sanamu ambayo kwa kweli ilisimama katika ukumbi ule wa Uwanja wa Mars.

Baraza la Seneti lilikuwa likikutana huko kwa sababu halikuwa na pa kukutania penye hadhi. Ukumbi wao wa zamani uliteketea mwaka 52 KK, pale wafuasi wa mwanasiasa Clodius walipouingiza mwili wake ndani na kuuchomea humo humo kwa kutumia madawati ya maseneta. Kaizari alikuwa anajenga ukumbi mpya, nao ulikuwa haujakamilika. Basi Seneti ikawa inahamahama, na siku ile zamu ikaangukia kwa Pompeius, hasimu wa Kaizari aliyekuwa amekwisha kufa miaka minne kabla.

Sasa nikupeleke kwenye jumba lenyewe, maana hapo ndipo kwenye kisa kizito zaidi. Lilizinduliwa mwaka 55 KK, na ndilo la kwanza la kudumu, la mawe, katika mji wa Roma. Utazame mwaka huo vizuri. Michezo ya jukwaani ilikuwa imeanza Roma mwaka 364 KK, wakati wa tauni, walipoitwa wacheza ngoma kutoka Etruria, nchi jirani ya kaskazini, ili kuituliza miungu. Mwaka 240 KK Livius Andronicus, mtu wa mji wa Kigiriki wa Tarentum, aliwaonyesha Warumi tamthilia ya kwanza ya Kilatini yenye kisa kinachoeleweka mwanzo hadi mwisho. Akaja Plautus, akaja Terentius. Watunzi wote wakubwa wa vichekesho vya Kirumi waliandika, wakachezewa kazi zao na wakafariki bila mji wao kuwa na jumba hata moja. Wakati huo huo mji mdogo wa Pompeii, kule kusini karibu na Napoli (usiuchanganye na Pompeius, majina tu ndiyo yamekaribiana), ulikuwa na ukumbi wake wa mawe tangu karne ya 2 KK. Roma ilitawala nusu ya Bahari ya Mediterania, lakini kwa jambo hili ilipitwa na miji iliyokuwa chini yake.

Haikuwa kwa kukosa mafundi, wala mawe.

Kabla ya hapo, sikukuu ya mungu fulani ikikaribia, maseremala walipiga jukwaa la mbao mbele ya hekalu lake. Michezo ikachezwa siku chache, kisha mbao zikafunguliwa na uwanja ukabaki mtupu. Katika mazingira hayo, mtunzi hakuwa na ulinzi wowote dhidi ya kelele za mtaa. Utangulizi wa Hecyra, yaani Mama Mkwe, tamthilia ya Terentius, unasimulia mkasa huo waziwazi. Terentius huyu anasemekana kuwa mzaliwa wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, aliyefikishwa Roma akiwa mtumwa. Mwaka 165 KK waigizaji walipoanza tu, ikavuma habari ya mabondia na mtu wa kutembea juu ya kamba. Watu wakapiga kelele, wakasukumana, onyesho likafa. Mwaka 160 KK wakajaribu tena. Sehemu ya kwanza ikapokewa vizuri, halafu mtu akatangaza kwamba wapiganaji wa upanga wanakuja, umati ukaingia kwa fujo kugombania nafasi, onyesho likafa mara ya pili. Ni jaribio la tatu, mwaka ule ule wa 160, ndilo lililofika mwisho. Ninapenda wanafunzi wa maigizo waujue utangulizi huu, kwa sababu unaonyesha kwa nini mtu wa jukwaani anatamani kuta.

Kuta hizo zilikaribia kupatikana. Mwaka 154 KK maofisa wawili wa sensa, waliokuwa na mamlaka ya kutoa kandarasi za majengo ya umma, waliagiza ukumbi wa mawe ujengwe karibu na kilima cha Palatino. Mmoja wao aliitwa Gaius Cassius Longinus, jina lile lile na ukoo ule ule wa Cassius ambaye baadaye angemchoma kisu Kaizari. Kazi ikaanza, ikapanda. Kisha seneta mzito, Scipio Nasica, akasimama katika Seneti na kusema jengo hilo halina faida na litaharibu tabia za watu. Seneti ikamsikiliza. Kilichokwisha kujengwa kikabomolewa, vifaa vikapigwa mnada. Ikaongezwa na amri kwamba ndani ya mji, na hata maili moja nje yake, mtu yeyote asiweke viti kwa ajili ya michezo wala asitazame akiwa ameketi. Kwa muda watu wa Roma wakatazama tamthilia wakiwa wima.

Kwa nini serikali iogope watu kukaa kitako? Sababu waliyoitangaza ni ya maadili: Mrumi wa kweli husimama, na ukimpa mahali pa kuketi atashinda huko kutwa nzima kama Mgiriki. Tacitus, mwanahistoria aliyeandika zaidi ya miaka 100 baada ya Pompeius, bado anaikumbuka hoja hiyo, na anasema wazee walimlaumu Pompeius kwa kuwapa watu makao ya kudumu ya michezo. Sidharau sababu hiyo, waliokuwa wakiisema wengi wao waliiamini. Lakini mimi nadhani nguvu yake ilitoka kwingine. Katika miji ya Wagiriki ukumbi wa maonyesho ulikuwa pia mahali pa mkutano wa hadhara, wananchi wameketi, wanasikiliza, wanajadili mpaka wachoke. Roma mikutano ya wananchi ilifanyika watu wakiwa wima, wakiitwa na ofisa na kutawanywa na ofisa. Mahali pa kudumu ambapo maelfu wanaweza kuketi pamoja palikuwa na harufu ya demokrasia ya Kigiriki, na maseneta hawakuitaka.

Kuna na jambo la fedha na sifa. Michezo iliandaliwa na maofisa vijana waliokuwa wakipanda ngazi ya siasa, na kila mmoja alijenga jukwaa lake kwa gharama yake ili akumbukwe siku ya kura. Jengo likiwa la kudumu, jina linalosomeka ukutani ni moja, la aliyelijenga. Koo kubwa hazikuwa tayari kumwachia mtu mmoja heshima hiyo, kwa hiyo zilikubali kuharibu fedha kila mwaka. Na ziliharibika kweli. Mwaka 58 KK, Aemilius Scaurus alijenga jukwaa la muda ambalo Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, anasema lilikuwa na nguzo 360 kwa ghorofa tatu, ya chini ya marumaru, ya kati ya kioo, ya juu ya mbao zilizopakwa dhahabu, pamoja na sanamu 3,000 za shaba. Plinius anapenda kukuza mambo, na watazamaji 80,000 anaowataja siwezi kuwakubali. Hata ukikata nusu na kukata nusu tena, bado ni mali ya ajabu kwa jengo la siku chache.

Woga wa maseneta juu ya umati ulikuwa na msingi, na aliyeonja hilo ni Pompeius mwenyewe. Julai mwaka 59 KK, akiwa ameungana na Kaizari na Crassus kuibana Seneti, ilichezwa tamthilia ya huzuni katika sherehe za Apollo. Mwigizaji Diphilus akafika kwenye mstari unaosema, "Kwa taabu yetu wewe ni mkuu." "Mkuu," kwa Kilatini Magnus, ndilo lilikuwa jina la sifa la Pompeius. Diphilus aliutamka mstari huo akiwaelekea watu. Uwanja ukalipuka, wakamtaka arudie, akarudia, wakamtaka tena. Cicero, mwanasiasa aliyeandika barua kuhusu tukio hilo, anasema alilazimishwa kuurudia mara elfu. Maneno yaliandikwa zamani kwa habari nyingine kabisa, na kwa dakika chache mwigizaji mmoja akayageuza kuwa shutuma kwa mtu mwenye nguvu kuliko wote Roma. Pompeius hakuwapo siku hiyo, lakini habari zilimfikia. Miaka minne baadaye alikuwa amewajengea watu wale wale ukumbi wa mawe.

Wazo alilipata Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, mwaka 62 KK, akirudi kutoka vitani mashariki. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu mashuhuri, anasimulia kwamba alihudhuria huko mashindano ya washairi, mada yao ikiwa moja tu, yaani ushindi wa Pompeius, na ukumbi ukampendeza mpaka akaagiza uchorwe ramani ili ajenge mwingine wa aina hiyo Roma, mkubwa zaidi. Alikuwa na ngawira ya kutosha.

Kizuizi cha Seneti alikipita kwa njia ya werevu. Juu kabisa ya ngazi za watazamaji, katikati, alisimamisha hekalu la mungu wa kike, Venus Mletaushindi. Tertullianus, mwandishi Mkristo wa Carthage, anaeleza kwamba Pompeius aliwaalika watu kwenye uzinduzi wa hekalu, si wa jumba la michezo, akisema chini ya hekalu wameweka madaraja ya kutazamia michezo. Nani atabomoa hekalu la Venus? Wasomi wengine wanalichukua hilo kama kejeli ya Mkristo asiyependa maigizo, maana mahekalu yenye madaraja mbele yake yalikuwapo Italia kabla ya hapo. Mimi naona yote mawili yanawezekana pamoja. Kuchezea michezo miguuni pa mungu ilikuwa desturi ya Warumi, na Pompeius aliijua desturi hiyo kiasi cha kujikinga nayo.

Nikisema jumba, usifikirie paa. Lilikuwa nusu duara iliyo wazi juu, kipenyo chake mita 150 hivi, yaani urefu wa uwanja wa mpira na karibu nusu yake. Wagiriki walizoea kuchonga ngazi ubavuni mwa kilima. Uwanja wa Mars hauna kilima, ni bonde la mto Tiber. Mafundi wa Pompeius wakatengeneza kilima chao kwa zege: chokaa, mchanga wa volkano na vipande vya mawe, vikimiminwa kuwa kuta zinazotawanyika kama miale na kubeba matao, na juu ya matao zikapangwa ngazi za kuketi. Chini ya ngazi zikabaki njia za kupitishia watu. Mbinu hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Koloseo, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Roma, zaidi ya miaka 100 baadaye. Kwenye vijia vya ngazi Pompeius alipitisha maji ili kupunguza joto la kiangazi, na anatajwa kuwa wa kwanza kufanya hivyo Roma.

Idadi ya watu utaikuta tofauti kila kitabu. Plinius anasema 40,000. Orodha za majengo ya Roma za karne ya 4 BK zinasema nafasi 17,580. Wanaopima nafasi halisi leo wanakaribia 11,000. Wape wanafunzi hiyo ya mwisho.

Uzinduzi ulikuwa wa kishindo, na tuna bahati ya kuwa na barua ya mtu aliyekuwapo. Cicero alimwandikia rafiki yake Marius, aliyekuwa amebaki kupumzika nyumbani kwake kando ya bahari, akimwambia hakukosa kitu. Katika tamthilia ya Clytemnestra walipitishwa jukwaani nyumbu 600. Katika Farasi wa Troya zikapitishwa bakuli kubwa za divai 3,000. Cicero anauliza vitu hivyo vinampa mtu mwenye akili raha gani. Mwigizaji mkongwe Aesopus, aliyekuwa amekwisha kustaafu kwa heshima, akaitwa arudi kwa ajili ya siku hiyo, na alipofika mahali pa kula kiapo sauti ikamkatika. Ukiisoma barua hiyo unaona ugonjwa ambao kumbi kubwa huuleta tangu siku ya kwanza: nafasi inapokuwa pana mno, maneno hayaijazi, na mwenye fedha anaijaza kwa nyumbu.

Siku ya mwisho ya uwindaji, katika Circus Maximus, si kwenye jumba lenyewe, walitolewa tembo karibu 20 wapigane na watu wenye mikuki kutoka Afrika ya Kaskazini. Wale wanyama walipokosa njia ya kutoka walianza kulia na kuinua mikonga kama wanaosihi. Watu wakasimama, wakatokwa machozi, wakamlaani Pompeius. Cicero naye anasema umati uliona huruma, ukahisi mnyama yule ana undugu fulani na binadamu. Mtu aliyetumia mali yote ile kununua mapenzi ya watu alipata laana yao hadharani.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na sehemu ambayo watu wa kawaida waliipenda kuliko michezo: bustani ndefu ya miti ya kivuli iliyozungushiwa baraza za nguzo, sanamu na michoro, mahali pa kukimbilia mvua ikinyesha na pa kupunga upepo jioni. Mshairi Ovidius anawashauri vijana waende huko kutafuta wapenzi. Mwisho wa bustani, upande wa mashariki, ndipo palipokuwa na ukumbi wa mikutano wenye sanamu ya Pompeius.

Asubuhi ya tarehe 15 Machi mwaka 44 KK michezo na siasa vilikutana hapo. Decimus Brutus, mmoja wa wala njama, alikuwa na kikosi cha wapiganaji wa upanga. Akakiweka jirani, kwenye jumba la maonyesho, ikionekana kwamba kuna michezo. Hakuna aliyeshangaa, kwani wapiganaji kuwapo kwenye jumba la michezo ni jambo la kila siku. Kumbe walikuwa akiba ya wauaji endapo mambo yangeharibika. Kaizari akaingia ukumbini, akapata majeraha 23, akafa chini ya sanamu ya mtu aliyemshinda vitani. Waonyeshe wanafunzi kipengele hiki, maana kinawaeleza kwa nini Shakespeare aliwafanya wala njama wakutane kwenye jumba la Pompeius: alikuwa akimsoma Plutarch, na Plutarch anapajua mahali.

Augustus, mrithi wa Kaizari, aliufunga ukumbi ule kwa ukuta na kuihamishia sanamu kwenye jumba la maonyesho, ikaelekea mlango mkuu wa jukwaa. Baadaye, anasema mwanahistoria Cassius Dio, pakageuzwa choo cha umma. Jumba lenyewe Augustus alilikarabati kwa gharama kubwa, na akajisifu kwamba hakuandika jina lake. Likaungua mwaka 22 BK, likaungua tena mwaka 80, likajengwa upya kila mara. Mwaka 66 mtawala Nero alilipaka dhahabu lote kwa ajili ya ziara ya Tiridates, mfalme wa Armenia. Wakati huo Roma ilikuwa na kumbi nyingine mbili za mawe, ya Balbus na ya Marcellus, lakini Warumi wakisema "jumba la maonyesho" tu, bila jina, walimaanisha hili. Hata mwanzoni mwa karne ya 6, mfalme Theodoric wa Waostrogothi, watu waliotawala Italia wakati huo, alitoa fedha za kulitengeneza.

Kuhusu kilichobaki: ukiwa na ndugu au rafiki Roma, mwambie afike karibu na soko la Campo de' Fiori, aingie mtaa wa Via di Grotta Pinta. Nyumba za mtaa huo zimepinda. Zimejengwa juu ya kuta za ndani za ngazi za Pompeius, nazo zimefuata mkunjo wake mpaka leo. Katika vyumba vya chini vya baadhi ya mikahawa na hoteli za hapo unaweza kula chakula cha mchana chini ya matao ya zege ya mwaka 55 KK. Mwaka 1864, karibu na hapo, ilichimbuliwa sanamu ya Hercules ya shaba iliyopakwa dhahabu, inakaribia mita nne kwa urefu, na sasa iko Vatikani.

Mahali pa Kaizari pako Largo Argentina, uwanja uliochimbuliwa miaka ya 1920 wakati wa Mussolini, na tangu 2023 watu wanaruhusiwa kushuka na kutembea humo kwenye njia maalumu. Nyuma ya hekalu la duara kuna msingi wa mawe ya volkano, sehemu ya ukumbi ule, na kando yake mabaki ya choo. Sehemu kubwa ya ukumbi bado imo chini ya barabara na majengo ya jirani. Wakikupeleka pia Palazzo Spada kukuonyesha sanamu kubwa na kukuambia ndiyo hiyo iliyorushiwa damu ya Kaizari, itazame kwa sababu ni nzuri, lakini darasani usiitaje kama ushahidi. Utambulisho wake una shaka kubwa.